Mwalimu Anajibu: Engaruka ilianza lini, na nani alipanga yale mawe?

Toleo lililopita nilieleza mifongo, yaani mifereji ya kumwagilia ya Wachagga, nikagusia kwa sentensi moja tu kwamba chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, pale Engaruka wilayani Monduli, kuna magofu ya mawe na mifereji ya kale isiyopitisha maji tena. Sentensi hiyo imeleta barua nyingi kuliko makala nzima. Wachagga wataniwia radhi. Safari hii ukurasa wote ni wa Engaruka.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Monduli

*Shikamoo Mwalimu. Kwetu ni Engaruka. Likizo hii tumepewa kazi ya kuandika historia na jiografia ya vijiji vyetu. Babu anasema kijiji kilianza wakati wa operesheni ya vijiji. Mama anasema kilikuwepo tangu enzi na enzi. Mwenzangu wa darasani ameandika kwamba magofu yana miaka elfu mbili. Niandike nini?*

Marahaba, mwanangu. Babu na mama wote wako sahihi, kila mmoja anazungumzia kitu chake. Mwenzako wa miaka elfu mbili ndiye wa kuazimwa kifutio.

Babu anazungumzia kijiji cha serikali. Miaka ya 1970 watu nchini kote walihamishiwa vijijini, na kwa upande wa Umasaini zoezi lile liliitwa Operesheni Imparnati. Ikaja sheria ya 1975 ya kusajili vijiji, ndipo vikapata halmashauri, muhuri na mipaka ya kwenye karatasi. Hayo yaandike, ila yasikae ukurasa wa kwanza. Muhuri haukumleta mtu Engaruka. Aliyewaleta watu ni mto.

Kwa hiyo anza na jiografia. Chora mkato kutoka magharibi kwenda mashariki. Upande wa kushoto weka nyanda za juu za Ngorongoro, zenye ukungu na msitu, ambako kilele cha Lolmalasin kinapita mita 3,600. Kalamu iteremke ghafla kwenye ukuta wa Bonde la Ufa mpaka kama mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo penu. Endelea kulia: uwanda mkavu, mbuga ya vumbi, na kwa mbali mlima Kitumbeine. Mawingu yanapopanda nyanda za juu yanamwaga mvua huko huko. Chini mnabaki na mvua isiyofika hata milimita 500 kwa mwaka, na ya kubahatisha. Kwa mvua hiyo mahindi ni kamari. Lakini Mto Engaruka unatoka kule kule juu kwenye mvua, unapasua ukuta kwa korongo, na unatiririka mwaka mzima. Kabla haujapotelea uwandani, watu wanaukamata. Mkato huo ukiutazama vizuri utaona kwa nini kijiji kiko pale kilipo na si kilomita kumi mashariki.

Sasa mama yako. Watu walilima hapo kwa kumwagilia kuanzia karne ya 15 hivi hadi karne ya 18. Umri huo umepatikana kwa kupima mkaa uliofukuliwa kwenye makazi na mashamba yenyewe. Walikaa kwenye vijiji saba vilivyojengwa kwenye mteremko, na mashamba yao, yaliyogawanywa kwa mistari ya mawe, yalitanda eneo la kama hekta 2,000. Kisha wakaondoka. Mwaka 1883 Mjerumani Gustav Fischer, aliyekuwa ametoka Pangani na msafara wa wapagazi kuelekea Naivasha, alipita akayaona marundo ya mawe. Mwaka 1913 akaja Hans Reck, yule yule aliyechimba Olduvai mwaka huo, na mwaka 1935 mtafiti wa mambo ya kale Louis Leakey. Ukiwataja hao, usiseme "waligundua". Wamasai waliolisha ng'ombe juu ya mawe yale walikuwa wanayajua muda wote.

Kazi iliyobaki usiitafute kitabuni. Muulize mama mfereji unaolisha shamba lenu unaitwaje, nani alisimamia kuuchimba, zamu yenu ni siku gani, na ni kosa gani mtu akifanya ananyimwa maji. Muulize na babu boma la baba yake lilikuwa wapi kabla ya operesheni. Andika walivyosema wao, bila kurembesha.

Msomaji, Tanga

*Mwalimu, mimi si mtu wa kubisha, lakini kuna video nimetumiwa inasema Engaruka ilijengwa na Wamisri au taifa lililopotea lililotoka kaskazini, kwa sababu wenyeji hawakujua kujenga kwa mawe. Ukweli ni upi?*

Hiyo video nami nimetumiwa, na watu watatu tofauti, mmoja wao ni shemeji yangu.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko simu. Wakati wa ukoloni, kila jiwe lililopangwa juu ya jiwe katika nchi hizi lilitafutiwa mgeni wa kulisifia. Mwaka 1933 G. W. B. Huntingford aliandika kuhusu "ustaarabu wa Azania" nchini Kenya, yaani taifa la kale lililodhaniwa kuacha mifereji, barabara na mashimo ya mawe kisha likatoweka. Walioamini hivyo hawakuhitaji kuuliza nani anamwagilia kwa mifereji ya namna ile hadi leo. Wangeuliza, wangeelekezwa kwa Wamarakwet kwenye genge la Kerio nchini Kenya, kwa Wapare na ndiva zao, yaani mabwawa madogo ya kuhifadhia maji, kwa Wachagga.

Turudi Engaruka na tuangalie kilichotoka ardhini. Vyungu vya udongo vya kupikia. Mbegu za mtama zilizoungua. Mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Sasa niambie wewe, Mmisri gani huyu aliyevuka nusu ya Afrika kuja kula ugali wa mtama na nyama ya mbuzi, asiache hata herufi moja ya kwao?

Na huo ujenzi tusiukuze wala tusiudharau. Kuta za Engaruka ni za mawe makavu, bila chokaa wala udongo wa kushikizia. Miaka ile ile Kilwa walikuwa wanajenga kwa matumbawe na chokaa, kwa sababu Kilwa kuna matumbawe. Engaruka kuna mawe ya volkano yaliyoletwa na mafuriko ya mto, yamejaa kiasi kwamba huwezi kupiga jembe bila kuyaondoa kwanza. Mkulima akiyaondoa ni lazima ayaweke mahali. Akiyaweka mstari, amepata mpaka wa shamba. Akiyaweka kwenye mteremko na kujaza udongo nyuma yake, amepata sakafu bapa ya kujenga nyumba ya miti na nyasi. Ndivyo vijiji saba vilivyojengwa, nyumba zikipandana mlimani na ardhi nzuri ya chini ikiachiwa mtama. Mtu wa leo anayejenga nyumba katikati ya shamba lenye maji angechekwa na watu wale.

Walikuwa kabila gani? Hapa watu wanataka jina moja, na mimi jina moja sitoi. Wanaotajwa sana ni Wasonjo, wanaojiita Batemi, walioko kama kilomita 100 kaskazini. Samunge, kile kijiji cha kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo mwaka 2011, ni chao. Wanaishi vijiji vilivyobanana, wanamwagilia kwa mifereji, na maji yao yamegawiwa na baraza la wazee waitwao wenamiji tangu zamani. Vyungu vyao vya kale vinafanana kiasi na vya Engaruka. Wengine wanawataja Wairaqw wa Mbulu, wenye kilimo cha makini cha milimani na lugha ya Kikushi. Kwa miaka mia tatu watu waliweza kuja, kuoana, kugawanyika na kubadili lugha. Mababu wa makabila mawili matatu ya leo waliweza kukaa meza moja pale, na hakuna sababu ya kugombania.

Idadi yao pia imekuzwa sana. Leakey alikisia watu 30,000 hadi 40,000. Alidhani nyumba zote zilikaliwa na mashamba yote yalilimwa kwa pamoja, wakati watu huhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine kizazi hadi kizazi. Waliokuja nyuma yake wanazungumzia watu elfu chache kwa wakati mmoja.

Ukiniuliza kwa nini waliondoka, nitakujibu kwa maji. Mashamba yale yalilishwa na vijito kadhaa, si Mto Engaruka peke yake. Vingine leo ni makorongo yanayokauka mvua ikikatika. Tope lililotulia chini ya Ziwa Naivasha, ambalo wataalamu wamelisoma tabaka kwa tabaka, linaonyesha ukame mkali Afrika Mashariki kati ya miaka ya 1760 na 1840 hivi, na hapo ndipo Engaruka ya kale inapofikia mwisho. Ongeza wafugaji wa Kimasai waliokuwa wanaenea kwenye uwanda huo huo, ongeza udongo uliolimwa kwa karne tatu. Kijito kikikauka, mwenye shamba la mwisho wa mfereji ndiye anayehama kwanza, na baada yake anayefuata. Hatoweki. Anakwenda kwa shemeji yake wa mbali kuomba shamba, na wajukuu wake wanakuwa watu wa huko.

Fundi wa skimu ya umwagiliaji, Mbarali

*Sisi huku tuna mabanio ya zege na bado tunagombana kila kiangazi. Hao waliwezaje kupeleka maji hekta 2,000 bila saruji wala kifaa cha kupimia mwinuko?*

Swali la fundi, na limenifurahisha.

Kwanza, hekta 2,000 hazikunywa maji siku moja, wala mwaka mmoja. Hilo ni jumla ya eneo lililowahi kulimwa.

Pili, waliteka maji juu, pale mto unapotoka korongoni na kabla haujaanza kutawanyika. Kutoka hapo mfereji mkuu ulifuata kiuno cha mteremko, ukishuka kidogo sana, vijiji vikiwa juu yake na mashamba chini yake. Kifaa cha kupimia mwinuko ni maji yenyewe: unachimba hatua chache, unafungulia, unatazama kama yanakufuata. Yakisimama, umechimba juu mno. Yakikimbia na kula udongo, umeshuka mno. Wachagga na Wamarakwet wamechimba mifereji ya kilomita nyingi kwa njia hiyo hiyo.

Tatu, na hapa ndipo napenda kuwapigisha wanafunzi magoti. Nilipokuwa nafundisha Arusha niliwapeleka Engaruka, na kila mara niliwaambia waache kutazama marundo makubwa wainame wafuate mistari midogo. Utaona safu mbili za mawe zinakwenda sambamba, nafasi katikati yake inatosha mguu wa mtu. Huo ni mfereji mdogo. Kandokando yake kuna vitalu, vingine si vikubwa kuliko chumba, kila kimoja kimesawazishwa na kuzungushiwa mawe. Fuata ukingo kwa mkono utafika mahali mawe yameachiana: hapo maji yaliingia. Kijana mmoja aliwahi kumimina chupa yake ya maji ya kunywa kwenye kitalu aone yatakwenda wapi. Yalitanda kote, hayakukimbilia kona. Karne mbili na zaidi tangu mwenyewe aondoke, na ardhi bado iko sawa. (Kiu ilimshika kabla ya saa sita, lakini hiyo ni habari nyingine.)

Kuna jambo la nne ambalo huko Mbarali mngeweza kulijadili. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba sehemu ya mashamba yale haikukutwa, ilitengenezwa. Walijenga vizuizi vya mawe kwenye njia ya maji ya mafuriko, tope likatulia nyuma yake. Likijaa, wakaongeza ukuta, likaja tope jingine, mpaka penye kokoto tupu pakawa na udongo wa kina zaidi ya mita moja. Tope ambalo ninyi mnalifukua kwenye mabanio na kulitupa, wao walilitega kama samaki.

Na kuhusu ugomvi, usidhani hawakugombana. Mfereji mmoja wa kilomita kadhaa hauwezi kuendeshwa bila zamu, bila mzee wa kuamua, bila faini ya mbuzi kwa anayefungulia usiku. Mawe yameonyesha mfereji, faini hayaonyeshi, ila popote mfereji wa namna hiyo ulipo hai, kuanzia Kerio hadi Usonjo, utakuta na sheria zake. Engaruka ya leo nayo wanalima mahindi, maharage na ndizi kwa mto ule ule. Nimemwona mama amesimama na jembe kwenye mkingamo, anaziba upande mmoja kwa tope na majani, anafungua mwingine, huku jirani yake ameketi chini ya mgomba akisubiri zamu, macho hayabanduki kwenye maji. Saruji haipunguzi macho ya jirani.

Msomaji aliyeomba asitajwe, Singida

*Kuna mtu ana ramani. Anasema Wajerumani walificha rupia na dhahabu chini ya marundo ya mawe Engaruka, na marundo yenyewe ndiyo alama. Anataka mchango wa vifaa.*

Usitoe hata shilingi.

Marundo yale yalikuwepo Fischer alipopita mwaka 1883, kabla Ujerumani haijatawala nchi hii. Baadhi yamekwisha kufukuliwa na wataalamu, kina Hamo Sassoon miaka ya 1960, na chini yake hapakuwa na sanduku. Ni mawe yaliyoondolewa shambani, basi. Tena eneo hilo linalindwa na sheria ya mambo ya kale ya 1964. Ukikutwa na sururu hapo utajieleza polisi, na mwenye ramani hutamwona.

Msomaji, Dodoma

*Nasikia Engaruka kuna magadi mengi na mradi mkubwa unakuja. Na ule mlima unaotoa moto nao uko jirani. Je, kijiji hakimo hatarini?*

Haya ni mambo mawili, lakini yana asili moja.

Mlima ni Ol Doinyo Lengai, karibu mita 3,000, uko kati ya kilomita 25 na 30 kaskazini mwa kijiji. Ndiyo volkano pekee iliyo hai duniani inayotoa lava yenye magadi. Inatoka nyeusi kama oili chafu, ikipoa na kupata unyevu inageuka nyeupe. Ulilipuka kwa nguvu 1966, na tena kuanzia 2007 hadi 2008, majivu yakafunika malisho na wafugaji wakahamisha mifugo. Lava yake haifiki Engaruka. Majivu yanategemea upepo.

Magadi nayo yametokana na miamba ya volkano kama hiyo. Mvua inayasafisha, yanateremka hadi sehemu za chini za bonde zisizo na mto wa kutokea, maji yanakauka, magadi yanabaki. Ndivyo lilivyo Ziwa Natron, na ndivyo lilivyo bonde la Engaruka, mashariki ya mashamba. Shirika la Taifa la Maendeleo, NDC, lilichimba visima vya uchunguzi huko na kukuta hazina kubwa ya maji ya magadi chini ya ardhi. Mradi wa kuyavuna umezungumzwa tangu miaka ya 2010, na suala la fidia za wananchi limezungumzwa sambamba nao.

Maoni yangu, kwa kuwa umeyauliza kwa kuzunguka: kiwanda cha magadi kinahitaji maji baridi pia, na maji baridi pale si mengi. Kabla ya kuuliza ajira ngapi na barabara ya upana gani, ningekuwa mwenyekiti wa kijiji ningeuliza maji ya kiwanda yatatoka wapi mwezi wa Septemba, na ningetaka jibu liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano.

Mume na mke, Mwanza

*Tunataka kwenda na watoto Desemba. Tufikeje, na kuna nini cha kuwaonyesha? Tusije tukawapeleka kuona mawe wakalia.*

Watalia mkienda saa saba mchana, na si kwa sababu ya mawe.

Mnafika Mto wa Mbu, mnaiacha barabara ya Ngorongoro na kushika ya kaskazini chini ya ukuta wa bonde, mnapita Selela, na baada ya kama kilomita 60 kwa jumla mko Engaruka. Desemba kukiwa na mvua maji ya makorongo hushuka ghafla. Mkikuta maji yamekata njia, subirini, msijaribu kwa kuwa gari jingine limepita. Lala Mto wa Mbu, ondoka alfajiri. Kuna Engaruka Chini na Engaruka Juu: magofu yako upande wa Juu, kwenye ukuta. Ulizeni ofisi ya kijiji wawape kijana wa kuwaongoza, maana bila mwenyeji mtapita katikati ya shamba la karne ya 16 mkidhani ni kokoto.

Watoto waanzie mtoni, waone maji yanapotoka korongoni, ndipo mshuke nao na mfereji. Wakatazeni kukanyaga kuta na kuhamisha mawe. Na wavae viatu vya kufunga. Miiba ya migunga ya pale hupita kwenye ndala mpaka kwenye unyayo.